Barua kwa mwanangu: kuhusu ile ofa ya utafiti na kufundisha

Mwanangu Rehema,

Hujambo mama? Sisi huku wazima, goti la bibi yako linasumbua kidogo lakini juzi kaenda mwenyewe mpaka sokoni, anakusalimu sana. Ile voisi yako ya Jumapili nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nilikuwa jikoni sikuelewa kitu ikabidi nizime jiko nikae chini. Nimekusikia hivi: PhD imeisha, ofa za postdok, zile kazi za muda baada ya PhD, zimekuja mbili, moja ya chuo kikubwa ambako utakuwa maabara tu asubuhi mpaka usiku chini ya profesa mwenye jina, nyingine ya chuo kidogo hukohuko Marekani, wanafunzi kama elfu mbili, miaka miwili, nusu utafiti nusu kufundisha kemia watoto wa digrii ya kwanza. Halafu ukaniuliza, "Mama, nikienda kule kwenye kufundisha si watasema utafiti umenishinda?" na ukasema nikujibu kweli, nisikubembeleze.

Haya. Mimi ningeenda kule kwenye kufundisha. Ila nisingesaini kabla hawajaandika mambo fulani kwenye mkataba, na hayo nitakuja kuyataja.

Unajua mimi sina digrii. Nimekuwa fundi sanifu wa maabara miaka 31, ninachojua kuhusu walimu wa chuo nimekijua nikiwa upande wa masinki, naosha flaski, natengeneza solusheni, nafunga bureti kwenye stendi kabla hawajaingia. Ukikaa upande ule unaona vitu ambavyo kwenye CV haviandikwi, nani anakuja praktikali na nani anatuma msaidizi kila wiki, nani anajua majina ya wanafunzi wake.

Kuna kitu sijawahi kukusimulia vizuri. Kulikuwa na lekchara mmoja, msomi kweli, machapisho kibao, lakini praktikali za mwaka wa kwanza alikuwa haji, aliona anapotezewa muda wa utafiti wake. Siku hiyo wanafunzi 60 na kitu, tupo mimi na msaidizi mmoja tu, nikaona kijana mwisho wa benchi anamimina maji kwenye asidi salfuriki nzito badala ya asidi kwenye maji. Nilipiga kelele lakini ilikuwa ishaanza kuchemka na kuruka. Ikampata mkononi na shavuni. Nikamvuta mpaka kwenye bomba, nikamwagia maji dakika 15 nzima naangalia saa ya ukutani, analia ananiambia inatosha mama, namwambia bado. Alipona, akabaki na alama ndogo nyuma ya mkono. Sasa kilichoniumiza, nilipokuja kufuta meza nikakuta daftari lake limelowa, na juu kabisa kwa kalamu nyekundu ameandika ASIDI KWENYE MAJI. Aliijua ile sheria! Aliikariri. Ila hakuna mtu mzima aliyewahi kusimama naye kwenye benchi akamwonesha joto linavyotoka, kwamba maji machache juu ya asidi nyingi yanachemka hapohapo na kuirusha usoni kwako.

Kwa hiyo mtu akisema kufundisha ni kazi ya walioshindwa utafiti mimi moyo unaniuma, siyo kidogo. Na hata kwenye hivyo vyuo vikubwa siyo kwamba mambo yako salama, si wewe ulinisimulia ya yule binti wa Los Angeles, Desemba 2008, miaka 23, msaidizi wa utafiti, anavuta tert-butilithiamu, kemikali inayowaka yenyewe ikigusa hewa, kwa sindano ikamwagika ikawaka, sweta yenyewe ya sintetiki wala hakuvaa koti la maabara, akafa siku 18 baadae. Mashine ghali zilikuwepo. Mtu wa kumsimamia pale pembeni yake ndo alihitajika.

Sasa turudi kwenye utafiti wako, manake najua ndo hofu yenyewe. Unaona kama ukifundisha utafiti utakufa. Mimi sikuona hivyo. Niliona wengi waliochoka kwa sababu ya kufundisha kupita kiasi, hilo lipo na nitalisema, lakini walimu waliokuwa wanaulizwa maswali na wanafunzi walikuwa na mawazo mapya kuliko waliojifungia. Sisi mafundi wa maabara tuna hadithi yetu tunayoipenda, ya Erasto Mpemba. 1963, kidato cha tatu Magamba kule Tanga, wanatengeneza aiskrimu, kaweka maziwa yake ya moto kwenye friza kwa kuogopa kukosa nafasi, yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu wake akamwambia amechanganyikiwa tu. Baadae akiwa Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, halafu akaja Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar, kutoa mhadhara, Mpemba akanyoosha mkono akauliza palepale, wenzake wakamcheka. Osborne hakumcheka. Alirudi Dar akamwambia fundi wake wa maabara ajaribu, na fundi akaleta majibu kwamba kweli ya moto yametangulia kuganda, ila akasema wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Mwaka 1969 Osborne na Mpemba wakachapisha pamoja, na mpaka leo wanasayansi wanabishana kuhusu jambo hilo. Lile swali lilimfikia Osborne kwa sababu alikubali kwenda kusimama mbele ya watoto wa sekondari.

Na kwenye kemia yenu hukohuko yupo Percy Julian, mkemia Mmarekani mweusi, uliniletea habari zake wewe mwenyewe ulipokuwa mwaka wa pili. PhD yake ya Vienna 1931, halafu kuanzia 1932 yuko DePauw, chuo kidogo pale Greencastle, Indiana, cheo chake risachi felo, na wasaidizi wake maabara ni wanafunzi wa digrii ya kwanza. Mwaka 1935 yeye na mwenzake Josef Pikl wakakamilisha kutengeneza fisostigmini, dawa ya presha ya macho, ambayo asili yake ni lile haragwe la sumu la Calabar huko Nigeria, na walimpinga Robert Robinson wa Oxford, mtu mkubwa hasa, na kiwango cha kuyeyuka kikaonesha Julian ndo yuko sahihi. Wanafunzi wake wakatoka na majina yao kwenye jarida la kemia la Marekani. Hiyo ofa yako ndo kazi ya namna ileile, mama, nani atasema utafiti ulimshinda Julian?

Lakini pia kumbuka kilichofuata. Kazi ile yote, na chuo hakikumpa uprofesa kwa sababu ya rangi yake, 1936 akaondoka kwenda kampuni ya Glidden, Chicago. Zama zimebadilika lakini mimi nakwambia kama mzazi, kazi nzuri peke yake haikulindi, maandishi ndo yanakulinda. Kwa hiyo sasa yale mambo.

Kubwa kuliko yote ni masaa. "Nusu kwa nusu" kwenye karatasi ni maneno matamu, ukifika utakuta nusu ya kufundisha ina mdomo mkubwa. Ulivyokuwa TA, msaidizi wa kufundisha, uliniambia lekcha moja mpya ya saa moja inakula masaa manne matano ya kuandaa, na sekisheni moja ya maabara, yaani kikundi kimoja cha wanafunzi, ni mchana mzima wa masaa matatu, halafu ripoti 24 za kusahihisha, halafu wanaokuja ofisini kulia kuhusu maksi. Waulize semista ya kwanza utakuwa na sekisheni ngapi, waandike namba. Mimi ningeomba semista ya kwanza nifundishe pamoja na mwalimu mzoefu, awe anakaa darasani kwangu ananiambia ukweli baadae, halafu ya pili ndo nibebe kozi yangu. Kama hawana mtu wa kukufundisha kufundisha basi wanatafuta mwalimu wa bei rahisi wamempa jina la postdok, na hapo kataa, nenda kule kukubwa, sitakulaumu kabisa.

Halafu kiangazi. Utafiti wa kweli kwenye vyuo hivyo unafanyika wiki kama 10 za kiangazi wanafunzi wakiwa hawana madarasa, kwa hiyo hakikisha mshahara wako haukatiki miezi hiyo, na kuna hela ya kemikali na ya kuwalipa wanafunzi wawili watatu. Uliza mashine ya NMR, ile ya kusoma umbo la molekuli, ipo au wanaazima chuo jirani, na ikiharibika nani anaitengeneza, hilo swali la fundi lakini litakuokoa. Uliza nani atakuandikia barua ya rekomendesheni miaka miwili ikiisha. Mambo ya viza nayo, kama utatumia ile OPT, ruhusa ya kufanya kazi baada ya masomo, ya miezi 12 na nyongeza ya 24 au watakuhamishia J-1, viza ya wageni wa kubadilishana, ofisi yao ya wageni ikujibu kwa maandishi, manake J-1 nyingine zina ile sharti ya kurudi nyumbani miaka miwili, ujue mapema.

Na mradi usibebe ule wa PhD jinsi ulivyo. Zile kazi zako za ndani ya glavuboksi, lile sanduku lisiloingiza hewa, za kukesha, mwanafunzi wa mwaka wa pili hawezi, ana masaa manane kwa wiki na kesho ana mtihani wa hesabu. Chagua kitu kinachoweza kusimama mchana ukiisha na kuendelea Alhamisi bila kuharibika. Kama ule mmenyuko wa Suzuki wa kuunganisha kaboni na kaboni ulionieleza, ule uliopewa Nobel 2010, si ulisema kuna namna ya kuufanya kwenye maji na ethanoli, hewa ya kawaida tu, kichocheo ni paladiamu kwenye mkaa, unachemsha, unachuja, unaangalia TLC, vile vidoa kwenye kibao? Mtoto akiona lile doa jipya linawaka chini ya taa ya UV na analijua ni lake yeye, huyo atarudi wiki ijayo bila kuitwa.

Najua hivyo kwa sababu nakukumbuka wewe. Una miaka tisa, umechukua juisi yangu ya rozela niliyoandaa kwa wageni, umekaa barazani na watoto wa mama Shida na wale wa kona, vikombe vya plastiki mbele yenu. Ukaminya limao kwenye kimoja, nyekundu ikakolea ikawa kama damu. Kingine ukashika kijiko cha magadi, lakini hukutia. Uliwaambia kwanza kila mtu aseme itakuwa rangi gani. Mmoja anasema nyeupe, mwingine nyeusi, yule mdogo anasema itakufa. Ndo ukatia, ikageuka kijani kibichi, wakapiga kelele mpaka baba yako akatoka na taulo. Mimi nilikuwa dirishani nataka kukugombeza kuhusu juisi nikashindwa. Pale pa kusubiri waseme kwanza, mama, hakuna aliyekufundisha, na kuna mapofesa niliofanya nao kazi hawakuwahi kulijua hilo mpaka wanastaafu.

Kuhusu watu watakaosema, watasema. Shangazi yako tayari kaniuliza kwa nini daktari wa kemia aende kufundisha watoto. Nimemwambia hao watoto ndo watakaomchoma yeye sindano uzeeni, akanyamaza. Wewe angalia unapotaka kufika. Ulisema ndoto yako ni kurudi Mlimani au Dodoma ufungue maabara yako, na huku lekchara mpya hasubiriwi azoee, anapewa darasa limejaa mpaka mlangoni na wanafunzi wa mradi juu yake, na machapisho bado yanadaiwa. Ukija ushajua kuvibeba vyote viwili kwa pamoja utalala usiku. Kama ndoto imebadilika na sasa unataka viwanda vya dawa au maabara kubwa za hukohuko, niambie, manake hapo jibu langu linabadilika.

Umesema wanataka jibu Ijumaa. Waandikie kesho uombe wiki moja zaidi, hiyo ni kawaida wala hawatakasirika, na kwenye imeili hiyohiyo uulize ya sekisheni, kiangazi na NMR. Usitume kabla hujanirushia niisome, hasa hapo pa masaa, wewe una tabia ya kuomba kwa aibu.

Mama yako