Kushinda mchezo wa kwanza na kupoteza mechi: jibu kuhusu karata za pembeni

Ndugu yetu wa Katuba ameeleza kwamba anacheza Yu-Gi-Oh, mchezo wa karata wa watu wawili, kwa deki (fungu la karata za mchezaji) ya aina ya Snake-Eye yenye karata 46, kwamba kwenye simu anapanda ngazi bila taabu, lakini katika mashindano yetu ya Jumapili hushinda mchezo wa kwanza mara nyingi kisha hupoteza wa pili na wa tatu. Anasema pia kwamba deki iitwayo Labrynth inamtesa, na anauliza kama aiache deki yake achukue nyingine. Mimi pia nacheza hapa hapa Lubumbashi, nimekaa kwenye meza hizo kwa miaka, na namshauri asiiache. Deki inayoshinda mchezo wa kwanza mara nyingi haina ugonjwa mkubwa. Tatizo liko katika karata zake 15 za pembeni, yaani za akiba anazobadilisha na za deki kati ya mchezo na mchezo, na hasa katika kanuni moja ambayo mchezo wa simu haumfundishi.

Mechi ya mashindano huchukuliwa na anayeshinda michezo miwili kati ya mitatu, na aliyepoteza mchezo ndiye anayechagua nani aanze mchezo unaofuata. Deki nyingi za siku hizi hutaka kuanza, ili zijenge meza, yaani zipange karata zao za nguvu, kabla mpinzani hajagusa karata yake ya kwanza. Kwa hiyo, ndugu yangu, kila unaposhinda mchezo wa kwanza unajiweka katika nafasi ya kufuata katika mchezo wa pili, mbele ya mpinzani aliyekwisha kuona deki yako na kuingiza karata za kukuzuia. Katika Master Duel, yaani Yu-Gi-Oh ya kwenye simu iliyotoka Januari 2022, pambano la kawaida la ngazi ni mchezo mmoja tu: sarafu inarushwa, mnacheza, mnaachana. Unaweza kupambana huko mwaka mzima bila kucheza hata mara moja ule mchezo wa pili unaokushinda Jumapili. Tena orodha za karata zilizokatazwa hazifanani. Karata ya Maxx "C", ambayo wachezaji wa simu wameizoea, ni marufuku katika orodha ya Ulaya na Marekani tunayoifuata mezani.

Hesabu michezo yenyewe uone uzito wa jambo hili. Kila mechi ina mchezo mmoja tu unaochezwa kwa deki ya mwanzo. Baada yake hufuata mmoja au miwili inayochezwa baada ya kubadilisha karata. Maana yake ni kwamba angalau nusu ya michezo yote ya mashindano huchezwa kwa deki ambayo wengi wetu huipanga usiku wa kuamkia Jumapili, kwa kujaza nafasi 15 na chochote kilichobaki sandukuni. Mimi huhesabu deki kuwa ni karata 55, na kila karata ya pembeni huipa nafasi baada ya kujibu maswali mawili: itaingia dhidi ya nani, na ikiingia itatoka ipi. Swali la pili ndilo linalosahaulika. Mchezaji huingiza karata sita nzuri, kisha anakuna kichwa, anaanza kutoa karata za kuanzishia mchezo wake mwenyewe, na anaingia mchezo wa pili na mkono wenye majibu matupu usio na la kufanya.

Hapo ndipo zile karata 46 zinapokuumiza. Kanuni inaruhusu kati ya 40 na 60, lakini ruhusa hiyo ina gharama inayohesabika. Tuseme una karata 12 ambazo yoyote kati yake inatosha kuanzisha mchezo wako. Katika deki ya 40, uwezekano wa kupata angalau moja kati ya karata tano za mwanzo ni karibu asilimia 85. Katika deki ya 46 unashuka hadi karibu asilimia 80. Mikono isiyo na mwanzo inatoka takriban mmoja kati ya saba na kufikia mmoja kati ya watano. Karata uliyoweka mara tatu, ambayo ndiyo idadi ya juu kabisa, inaonekana katika mkono wa kwanza kwa karibu asilimia 34 ukiwa na 40, na karibu asilimia 30 ukiwa na 46. Tofauti hizo zinaonekana ndogo hadi ukumbuke kwamba karata za pembeni nazo zinapungua nguvu kwa kipimo hicho hicho, na kwamba hizo umeziingiza kwa sababu unazihitaji zije mapema. Zile sita za ziada ziangalie moja moja. Nina hakika nyingi ni karata za kuongeza ushindi ambao tayari ungeupata. Zitoe.

Sasa tuje kwenye mchezo wa pili, ukiwa unafuata. Una karata sita mkononi badala ya tano, kwa sababu anayeanza hachukui karata katika zamu yake ya kwanza. Kwa sita hizo unahitaji moja kati ya mambo mawili: kumpunguza mpinzani wakati anajenga, kwa mitego ya mkononi (karata unazozitumia kutoka mkononi katika zamu yake) kama Ash Blossom & Joyous Spring, Infinite Impermanence, Droll & Lock Bird au Nibiru, the Primal Being; au kuivunja meza aliyokwisha kujenga, kwa karata kama Dark Ruler No More, Evenly Matched na Lightning Storm. Deki nzuri za leo hazisimami kwa kizuizi kimoja, kwa hiyo hesabu inayonihusu mimi ni ya kupata viwili. Ukiwa na karata 12 za kuzuia au kuvunja ndani ya 40, uwezekano wa kuwa na angalau mbili kati ya karata sita ni karibu asilimia 59. Ukiwa nazo 15, unapanda hadi karibu asilimia 75. Ndiyo sababu katika mchezo wa kufuata sioni haya kufikisha 15, mradi zile 12 za kuanzishia zisiguswe. Zinabaki nafasi 13 kwa mengine yote, nazo zinatosha.

Angalia jinsi karata mbili za kuvunja zinavyofanya kazi pamoja, kwa sababu wengi huzipoteza kwa kukosea mpangilio. Mpinzani amemaliza kujenga, ana monsta wanne (karata za viumbe wanaopigana) wenye uwezo wa kubatilisha karata zako. Unaanza zamu kwa Dark Ruler No More: hakuna anayeweza kuijibu kwa uwezo wa monsta, na monsta wake wote walio wazi wanapoteza uwezo hadi mwisho wa zamu. Gharama yake ni kwamba baada ya hapo mpinzani hatapata madhara yoyote ya pointi za uhai (zile ambazo zikiisha umeshindwa) katika zamu hiyo, kwa hiyo usiite monsta yeyote, usiweke kitu mezani, ingia moja kwa moja katika hatua ya vita na uimalize. Mwisho wa hatua hiyo, kwa kuwa wewe huna karata yoyote mezani, Evenly Matched inaruhusiwa kutoka mkononi. Inapotekelezwa inahesabika kama karata yako pekee, hivyo mpinzani analazimika kuziondoa zake kifudifudi hadi abaki na moja anayoichagua mwenyewe. Kisha unaingia katika hatua kuu ya pili na kujenga meza yako yote mbele ya mtu asiye na kitu. Aliyeita monsta mmoja kabla ya vita, kwa tamaa ya kumalizia haraka, ameifunga Evenly Matched mkononi mwake.

Mchezo wa tatu ni mwingine kabisa. Umepoteza wa pili, kwa hiyo sasa ni wewe unayechagua, na utachagua kuanza. Hapa karata zote za kuvunja lazima zitoke. Evenly Matched mkononi mwa anayeanza ni karata iliyokufa. Lakini nawaona wachezaji wakirudisha deki ya mchezo wa kwanza kama ilivyokuwa, wakisahau kwamba mpinzani sasa ndiye mwenye karata za kuvunja. Mimi huingiza Solemn Judgment: unalipa nusu ya pointi zako za uhai na kubatilisha karata ya uchawi au mtego wowote, ikiwa ni pamoja na Dark Ruler No More, ambayo imezuia majibu ya monsta peke yake. Nusu ya pointi inatisha wanaoanza. Isikutishe, meza iliyosimama inalinda pointi 4,000 vizuri kuliko meza iliyovunjika inavyolinda 8,000.

Hivyo basi kila mpinzani anahitaji mipango miwili, wa kuanza na wa kufuata, na mipango hiyo iandikwe nyumbani kwenye karatasi kwa utulivu. Siyo kila mpinzani atakayetaka kuanza. Deki ya Tenpai Dragon imejengwa ili ifuate na kukumaliza katika zamu moja ya vita. Mwenye deki hiyo akipoteza mchezo wa kwanza atakupa wewe uanze, na aliyejaza karata za kuvunja bila kufikiri atajikuta anaanza na mkono wa takataka. Kabla hujagusa karata za pembeni, jiulize deki iliyo mbele yako inapenda nini.

Kuhusu Labrynth, uliyosema inakutesa, nadhani unaingiza karata zisizoihusu. Nguvu ya deki hiyo iko katika mitego iliyolala kifudifudi, na haina haja ya kuita monsta watano katika zamu moja, ambayo ndiyo idadi inayoiwezesha Nibiru kuingia. Toa Nibiru, toa Droll & Lock Bird, usiingize Dark Ruler No More. Ingiza Lightning Storm na Harpie's Feather Duster, zinazofagia mitego hiyo, baki na Evenly Matched ukifuata, na usitoe Ash Blossom kwa sababu inaizuia Welcome Labrynth inapotaka kumleta monsta kutoka ndani ya deki. Lightning Storm itumie kabla hujaweka karata yoyote wazi upande wako, la sivyo haitaruhusiwa.

Kuna fikra ya msingi nyuma ya haya. Mwaka 1999 Mike Flores, akiandika kuhusu Magic: The Gathering, alieleza kwamba deki mbili zinazofanana zikikutana, mmoja lazima awe mshambuliaji na mwingine mlinzi, na anayekosea kutambua nafasi yake ndiye anayeshindwa. Mchezo ni tofauti, lakini hoja inasimama hapa pia. Mbele ya Labrynth wewe ni mshambuliaji: kila zamu unayompa inamwongezea mtego, kwa hiyo hata mkono wa wastani ulazimishe kupiga. Mbele ya Snake-Eye mwenzako, ukiwa unafuata, wewe ni mlinzi hadi zamu yake iishe, na subira inalipa kuliko kitu kingine.

Chukua mfano wa mkono wenye Ash Blossom na Droll & Lock Bird kwa pamoja. Mpinzani anacheza karata ya uchawi Bonfire ili alete monsta wake Snake-Eye Ash mkononi kutoka deki. Kidole kinawasha, na wengi hutupa Ash Blossom hapo hapo. Lakini ukiibatilisha Bonfire, hakuna karata iliyoongezwa mkononi mwake, na Droll & Lock Bird inakosa sababu ya kuingia. Iache Bonfire ipite. Snake-Eye Ash anapofika mkononi, jibu kwa Droll & Lock Bird: kuanzia hapo hakuna anayeweza kuongeza karata mkononi kutoka deki kuu hadi mwisho wa zamu, na Snake-Eye Ash akiitwa hawezi kuleta mwenzake. Akiamua kuendelea, atapeleka kaburini (rundo la karata zilizotumika) karata zake mbili zilizo wazi, Snake-Eye Ash mwenyewe akiwa mojawapo, ili aite monsta mwingine wa Snake-Eye kutoka deki. Hapo ndipo unapotoa Ash Blossom, gharama ikiwa imekwisha kulipwa. Karata zako mbili zimechukua sehemu kubwa ya zamu yake, na kilichobadilika ni mpangilio tu.

Jambo moja linaihusu meza yetu peke yake. Kwa kuwa karata halisi ni adimu hapa, wengi wetu tunacheza na zilizochapishwa kwa wino, zikikatwa na kuwekwa ndani ya mfuko wa plastiki mbele ya karata ya kawaida ili unene uwe sawa. Bei haimzuii mtu deki yoyote, kwa hiyo deki inayosifiwa mtandaoni leo inaweza kuwa mikononi mwa watu wanne Jumapili ijayo. Hii inakupa faida kama unaangalia. Tembea kati ya meza kabla ya mechi yako ya kwanza, tazama nani amebadilisha deki, na nafasi tatu au nne za pembeni ziachie uamuzi wa asubuhi hiyo, ukiwa na karata za akiba mfukoni hadi orodha ya deki yako itakapofungwa.

Mazoezi nayo yabadilike. Kaa na rafiki, mpe aanze kila mchezo, wewe ukiwa tayari umeingiza karata za pembeni, na mcheze mchezo wa pili peke yake, tena na tena, hadi usiulize tena kipi kitoke. Baada ya hapo andika hapa karata zako zote 55 pamoja na deki unazokutana nazo zaidi huko Katuba, nami nitakueleza kwa kila moja ningetoa nini na kuingiza nini, ukianza na ukifuata.