Muziki Unapiga, Milio ya Mchezo Haitoki

SWALI: Nina kompyuta ya Pentium ya zamani yenye kadi ya sauti ya Sound Blaster 16 ya ISA (aina ya zamani ya nafasi za kadi), nacheza michezo ya DOS. Tangu nilipoongeza kadi ya mtandao ya PCI (aina mpya zaidi ya nafasi), muziki unapiga vizuri, lakini mlio wa kwanza wa risasi hujirudiarudia, kisha mashine inaganda. Kadi ya sauti imekufa?
*Msomaji, Wete, Pemba*

JIBU: Kadi yako ni nzima, usinunue nyengine. Muziki huo hutolewa na chipu ya FM (inayotunga sauti yenyewe), inayopokea noti kupitia anwani 388 bila ya kuhitaji IRQ (njia ya kifaa kumwita prosesa) wala DMA (njia ya kuchota data kwenye kumbukumbu bila ya prosesa). Sauti zilizorekodiwa zinavihitaji vyote viwili: DMA huzichota kwenye kumbukumbu kipande kwa kipande, na kipande kikimalizika kadi hupiga hodi kwa IRQ ili mchezo ulete kingine. Hodi isipoitikiwa, kipande kilekile hurudi tena na tena. Dalili zako zinaonesha kuwa kadi ya mtandao imepewa IRQ 5, ambayo Sound Blaster huitumia kwa kawaida.

Ingia BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguliwa inapowaka), ukurasa wa PnP/PCI, uiweke IRQ 5 kuwa Legacy ISA, yaani itengewe kadi za ISA. Washa upya, tazama jedwali la vifaa vya PCI kabla ya DOS kuanza: 5 isiwemo. Kisha kwenye AUTOEXEC.BAT (faili la amri ambazo DOS huzitekeleza ikianza) andika mstari huu, ambapo A ni anwani, I ni IRQ, D ni DMA, H ni DMA ya biti 16, na T ni aina ya kadi:

SET BLASTER=A220 I5 D1 H5 T6

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mstari huo unauarifu mchezo tu, hauibadilishi kadi. IRQ na DMA za Sound Blaster 16 hupangwa kwa programu, kwa hiyo endesha DIAGNOSE, programu ya Creative, watengenezaji wa kadi, uchague IRQ 5, DMA 1 na DMA ya biti 16 nambari 5, kisha rudia nambari hizohizo kwenye SETUP ya mchezo. Usikimbilie IRQ 7, hiyo kwa kawaida ni ya LPT1, tundu la printa. Kadi inakubali IRQ 10 pia, ila michezo mingi ya zamani haiijui.

SWALI: Spika ya kushoto inakata na kukwaruza. Nyumba yetu iko karibu na pwani.
*Msomaji, Makunduchi*

JIBU: Anza na chumvi ya bahari. Chomoa waya wa umeme ukutani, gusa chuma cha kasha, ndipo uchomoe kadi ya sauti. Tazama meno yake ya dhahabu: yakiwa na weusi au ukijani, sugua taratibu kwa raba nyeupe laini, pangusa vumbi la raba, malizia kwa isopropili (spiriti ya kusafishia) ya 99% na kitambaa kisichotoa nyuzi. Msasa marufuku! Dhahabu ile ni utando tu, na shaba iliyo chini ikiachwa wazi kwa hewa yetu hugeuka kijani. Iache ikauke kabisa, hasa wakati wa masika.

Ikiwa bado, chomeka hedifoni na uitikise jeki kidogo. Sauti ikirudi, risasi ya kuchomelea kwenye miguu ya jeki imepasuka, ichomelee upya. Kama ni mvumo wa pande zote mbili, tumia Line Out badala ya Speaker Out, na zima maiki na CD kwenye miksa (programu ya kupanga viwango vya sauti).

Kasha likiwa wazi, angalia pia betri ya mazabodi. Ikiwa ni kipipa cha 3.6 V cha nikeli-kadimiamu, ikate uitoe hata kama haijavuja, maana majimaji yake hula njia za shaba. Palipokwisha kuvuja, pangusa kwa siki kidogo, halafu isopropili.