Kuvuta si kubeba: kwa ndugu mwenye RAV4 anayetaka kupeleka pikipiki Sipi

Usilipe ile nusu ya pesa iliyobaki. Mpigie fundi sasa hivi, mwambie asiwashe mashine ya kuchomelea, halafu rudi usome.

Unasema una RAV4 ya 2008, umenunua pikipiki ya matope, Yamaha YZ250F, Jumamosi ijayo unaondoka Kampala kwenda Sipi, kule mashariki, na wenzako, na fundi atakuchomelea pau ya kuvutia tela yenye tundu la mraba la inchi 2 ili uchomeke keria ya nyuma (ile reli ya kuning'iniza pikipiki nyuma ya gari) na kupandisha pikipiki. Umeuliza ununue keria ya chuma au ya aluminiamu, mikanda gani, askari wa barabarani watasemaje, na kama uifunike pikipiki kwa turubai. Katikati ya maswali hayo umetupia maneno yaliyonifanya niweke kijiko chini: "Fundi anasema pau hii inavuta tani moja na nusu, kwa hiyo kilo mia si kitu."

Maneno hayo nayajua. Niliambiwa hivyo hivyo mwaka 2021, na aliyeniuzia pau, na tena na aliyenifungia. Yalinigharimu shilingi milioni 3 na laki 7, na nusura yagharimu maisha ya mtoto wa watu.

Kaka, kuvuta ni jambo moja na kubeba ni jambo jingine kabisa. Tela lina magurudumu yake. Ukilivuta, uzito wake karibu wote unakaa kwenye hayo magurudumu, na pau ya gari inabeba kidogo tu pale mbele, kwa kawaida kama sehemu moja ya kumi. Chukua pikipiki yako ya kilo 106 hivi, iweke kwenye tela dogo la kilo 150: jumla ni 256, na pau inakandamizwa na kilo kama 26. Sasa chukua pikipiki ile ile uiweke kwenye keria. Keria ya chuma ina kilo kama 30, ongeza mikanda na kidumu cha petroli, unafika 140. Zote hizo zinaning'inia kwenye pau. Hakuna gurudumu linalosaidia. Ni pikipiki ile ile na gari lile lile, lakini mzigo umekuwa zaidi ya mara tano.

Ndiyo maana pau za kutoka Ulaya zina kibati kidogo chenye herufi mbili, D na S. D ni ya mambo ya kuvuta. S ndiyo yako: ni kilo ambazo pau inaruhusiwa kubeba kwa kukandamizwa kwenda chini. Zile za Marekani huwa na kibandiko chenye namba mbili, ya uzito wa tela na ya uzito unaokandamiza, na hiyo ya pili mara nyingi ni kama asilimia 10 ya ile ya kwanza. Pau yangu ilikuwa imetumika Ulaya, na kibati kilikuwepo. Kiliandikwa S 75 kg. Nilikifuta vumbi kwa kidole changu mwenyewe mbele ya muuzaji nikamuuliza 75 ni nini. Akanijibu bila kupepesa macho kwamba ni namba ya kiwandani, haina kazi. Mtu anayeuza vyuma hivyo kila siku! Kama hakujua angesema hajui, ningeenda kuuliza kwingine.

Halafu gereji. Pau ilikuwa ya gari jingine, matundu ya bolti hayakulingana na Harrier yangu. Fundi akakata ncha zote mbili, akakata na kile kichwa cha mviringo cha kushikia tela, akachomelea bomba la mraba mahali pake, kisha akaichomelea pau nzima kwenye bodi chini ya buti. Wakati huo sikujua kwamba Harrier, kama RAV4 yako na kama Forester, haina chesisi ya ngazi, yaani fremu nzito ya chuma chini ya bodi, kama ya Hilux au Prado. Bodi ndiyo chesisi, na ni bati lililokunjwa. Ukichoma bati jembamba, pembeni mwa weldi linadhoofika kwa joto, hata kama kwa macho weldi imejaa na inapendeza. Yangu ilipendeza sana. Alipaka rangi nyeusi juu yake, akaipiga teke mara mbili kunionyesha ilivyo imara, nami nikatoa pesa.

Teke la fundi halipimi kitu. Kinachopima ni matuta. Gari likishuka kwenye tuta, mzigo wa nyuma haubaki kilo 140. Unarushwa juu na kushuka kwa nguvu, na kwa sekunde hiyo pau inaweza kubeba mara mbili yake au zaidi. Rudia hivyo kwa matuta yote ya Jinja Road, kwenda na kurudi, kila wikendi.

Nilienda kwenye viwanja vya mbio za pikipiki, Busiika mara nne na Garuga mara mbili, bila tatizo, na hapo ndipo nilipojidanganya kwamba imekubali. Dalili zilikuwepo. Usiku magari ya mbele yalikuwa yakiniwashia taa kwa hasira, nami nimewasha taa za chini. Usukani ulikuwa mwepesi kuliko kawaida. Piga hesabu ya gari lako: kutoka ekseli ya nyuma hadi katikati ya pikipiki ni kama mita 1.2, na kati ya ekseli na ekseli ni kama mita 2.6. Kilo 140 mara 1.2, gawanya kwa 2.6, unapata karibu 65. Hizo ni kilo zinazoondoka kwenye tairi za mbele, zile zinazokata kona na kufanya kazi kubwa ya breki. Nyuma zinaongezeka 205, sawa na uzito wa watu watatu wazima. Taa zangu zilikuwa zinatazama juu kwa sababu pua ya gari ilikuwa imeinuka, nami nikadhani wenzangu ndio wenye matatizo.

Siku yenyewe nilikuwa naelekea huko huko Sipi. Saa tatu asubuhi, Namawojjolo, pale wanapouza kuku wa kuchoma. Nilipunguza mwendo, nikapanda tuta taratibu kabisa, tairi za nyuma ziliposhuka nikasikia mlio mkavu kama kuni inavunjwa gotini. Wauzaji walikuwa wanakimbilia dirishani na mishikaki, wakageuka wote pamoja wakaanza kupiga kelele na kuonyesha nyuma. Weldi ya upande wa kushoto ilikuwa imeachia. Keria ikalala upande, tairi ya nyuma ya pikipiki ikagusa lami, na kabla sijasimama upande wa kulia nao ukang'oka na kipande cha bodi. Nyuma yangu kulikuwa na boda imebeba mama na mtoto wa shule katikati. Yule kijana wa boda aliikwepa pikipiki yangu kwa kuingia kwenye majani. Hawakuanguka. Mama alishuka, akamkagua mtoto miguu yote miwili, akapanda tena wakaondoka bila kuniambia hata neno. Mpaka leo nikipita pale nawatafuta kwa macho.

Nilipoinama kutazama palipokatika ndipo nilipoelewa. Zaidi ya nusu ya ufa ilikuwa na kutu, rangi ya kahawia iliyokolea. Kipande kidogo tu kilichobaki ndicho kilichong'aa kama sarafu mpya. Maana yake chuma hakikukatika siku ile. Kilikuwa kinapasuka kidogo kidogo kwa wiki nyingi chini ya ile rangi nyeusi, na nilikuwa nimeendesha nacho nikiwa na watoto wangu ndani ya gari.

Fundi nilipomrudia alisema nilikimbia tutani. Muuzaji alisema hajawahi kupata lalamiko. Hakuna aliyerudisha hata shilingi. Gari lilikaa kwa mnyoosha bodi wiki tatu, usukani wa pikipiki ulikunjika, rimu ya nyuma ikabonyea. Mlango wa buti mpaka leo haufungi bila kusukumwa. Usinielewe kwamba mafundi wetu hawajui kazi. Wapo wanaochomelea matela ya kubeba matofali yanayodumu miaka kumi. Lakini huyu aliulizwa swali la kubeba akajibu la kuvuta, na wako anafanya hivyo hivyo.

Kwa hiyo kabla ya chuma au aluminiamu, pima. Peleka pikipiki kwa wenye mizani ya magunia ya mahindi pale Kisenyi, weka tairi ya mbele kwenye mizani na ya nyuma kwenye ubao wa kimo kile kile, soma, geuza, soma tena, jumlisha. Pima na keria. Kisha tafuta namba ya mzigo wa kukandamiza ya pau, na ya gari lenyewe kwenye kitabu chake, ushike iliyo ndogo. Jumla yako ikizidi hiyo, basi, hata aape nani. Mimi siku hizi sikubali kufika hata kwenye namba yenyewe, nataka nibaki chini yake kwa robo, kwa sababu ya matuta. Na pau isiyo na kibati, au iliyokatwa na kuchomelewa upya, nahesabu kwamba haina namba kabisa.

Ukipiga hesabu hiyo kwa RAV4 na keria ya chuma nakuhakikishia hutapenda jibu. Aluminiamu itakupunguzia labda kilo 15, na bado hutafika. Kwenye Prado au Hilux yenye pau iliyofungwa kwa bolti kwenye chesisi tungezungumza mengine.

Kitu kingine ambacho hukuuliza: pikipiki ina urefu wa zaidi ya mita 2.1, gari lako lina upana wa kama mita 1.8. Tairi zitatokeza kila upande karibu sentimita 15, kwenye jiji ambalo boda zinapita kwenye upenyo wa kiganja. Na tazama bomba la moshi linaelekea wapi, kwa sababu lilinichomea mpira wa tairi ya nyuma safari ya kwanza tu.

Mikanda: minne ya racheti, miwili ya mbele ikivuta usukani chini mpaka shokapu zishuke kama theluthi, siyo mpaka mwisho. Lakini mkanda mzuri kwenye pau mbovu unakusaidia tu kuangusha vitu vyote kwa pamoja.

Kwa safari hiyo ya Jumamosi, uliza nani kati ya wenzako ana pikapu, au kodisheni moja mpande pikipiki mbili tatu, mchangie mafuta. Baadaye ile pesa ya fundi iweke kwenye tela dogo la magurudumu mawili na pau ya RAV4 yenyewe inayofungwa kwa bolti kwenye matundu ya kiwandani. Gari lako kuvuta linaweza.

Na kama pau tayari iko gereji, nenda kesho asubuhi ukaitazame. Geuza upande wa chini, futa grisi, tafuta kile kibati. Kipige picha uweke hapa kabla ya Ijumaa, nitakusomea namba mwenyewe.