Mvuke wa vepu si nyungu

Mbukwenyi!

Wiki iliyopita kijana mmoja mgeni kazini kwetu alinionyesha kavepu kake kapya, yaani sigara ya umeme, ka zambarau, kanang'aa kama kalamu ya mtoto wa chekechea. "Kaka," akaniambia, "nasikia ulikuwa mvuta fegi hodari, na pumu juu. Si ungehamia huku mapema? Huu ni mvuke tu." Nilicheka peke yangu. Neno hilo hilo, mvuke, ndilo lililoniponza.

Sisi tumelelewa na mvuke. Ukishikwa na mafua bibi anachemsha majani ya mkaratusi, unafunikwa blanketi, unajifukiza mpaka jasho likutoke. Mwaka 2020 nchi nzima ilipiga nyungu. Ukibanwa ukakimbizwa hospitali, nesi anakuvalisha barakoa ya nebulaiza, na kile kinachotoka mle nacho tunakiita mvuke. Kwa hiyo mtu akikuambia sigara ina moshi lakini hii ina mvuke, moyo unatulia wenyewe. (Hata nyungu, mwenye pumu uwe nayo makini, joto na harufu kali vinaweza kukubana. Lakini tuyaache hayo.)

Kinachotoka kwenye vepu si maji yaliyochemka. Ni matone madogo mno ya propilini glaikoli na gliserini, yenye nikotini na vionjo ndani yake, yaliyopashwa moto na waya. Gliserini kwenye keki tumbo linaijua. Mapafu hayajawahi kuombwa kuila.

Mimi ni mpima ardhi. Dodoma hii, tangu serikali ihamie 2016, kila pori linatafutiwa bikoni. Siku nzima uko Nala, au Mkonze, au Iyumbu, juani, unawasubiri ndugu wamalize kugombea mpaka wa shamba la marehemu baba yao ndipo uchimbie jiwe. Kusubiri huko ndiko kulikonifundisha sigara. Nilianza kwa kununua moja moja kwa mangi, nikaja kufikia pakiti kwa siku. Na pumu ninayo tangu shule ya msingi. Najua, usinisemeshe. Anayevuta huku ana pumu huwa na cha kulaumu, na mimi nililaumu vumbi. Kuanzia Juni upepo wa huku hauna adabu, kwa hiyo hakuna aliyenibishia.

Aliyenibishia ni daktari wa kliniki. Alinieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia: ile inhela ya kahawia, beklometasoni, ambayo mtu anapuliza asubuhi na jioni kutuliza uvimbe wa ndani ya mirija, hufanya kazi vibaya kwa mvuta sigara. Yaani nilikuwa nanunua dawa kisha naidhoofisha mwenyewe. Akanishauri nitafute jojo au plasta za nikotini, kitu ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009. Nilizunguka maduka ya dawa matatu. La kwanza hawakuwa nazo, la pili hawakuzijua, la tatu binti akanitolea bigijii.

Ndipo nikanunua vepu. Shilingi 35,000, ya kutupa, ladha ya embe-barafu, imeandikwa asilimia 5. Hesabu ndiyo kazi yangu, lakini siku hiyo sikuipiga. Asilimia 5 ni miligramu 50 za nikotini katika kila mililita. Umoja wa Ulaya unaruhusu mwisho 20. Kimiminika chake kilikuwa mililita 10, yaani miligramu 500. Sigara moja inaingiza mwilini miligramu moja hivi, ikizidi sana mbili. Nilidhani napunguza, kumbe nimebeba ghala.

Tena sikuhama. Nyumbani vepu, saiti sigara. Mama watoto alifurahi kwamba shuka hazinuki, mimi nikafurahi kwamba amefurahi, na kwa wiki tatu nikaishi kama mume wa wake wawili asiyetaka wakutane. Wengi wanaosema "nimehamia vepu" wako hapo. Kama moshi bado unaingia, hata ukiwa wa sigara nne tu, pumu haijaona tofauti unayojisifia.

Kisha ikaja Septemba. Nala, saa nane mchana, chamchela zinapita moja baada ya nyingine. Nimekaa chini ya mbuyu namsubiri mwenyekiti wa mtaa, nimepiga pafu za embe-barafu kama kumi mfululizo. Kifua nakisikia kimefunguka, ubaridi mtamu mpaka chini. Nikainuka, nikatembea hatua kama thelathini, nikataka kumwambia msaidizi wangu asogee kushoto. "Sogea" ilitoka. "Kushoto" ilibaki. Kifua kilikuwa kinalia filimbi na mimi sikuwa nimeisikia.

Barafu ile ni mentholi, na mentholi haipanui njia za hewa. Inaamsha tu hisia ya baridi, ubongo unadhani hewa inaingia tele, wakati mirija inaweza kuwa inazidi kubana. Kwa mtu asiye na pumu ni utamu wa kinywani. Kwa mimi ilikuwa ni kuzima king'ora huku moto unawaka. Kama una pumu na lazima uvute vepu, chochote chenye barafu au minti kiache dukani.

Nilipapasa inhela ya bluu, ile ya kufungua mirija haraka ukibanwa, kwenye begi la nyundo. Psss. Ikatoa hewa baridi ulimini, nafuu hakuna. Psss tena. Kopo la namna ile lina mipulizo 200, na dawa ikiisha gesi huendelea kutoka kama kawaida, na langu halikuwa na namba za kuhesabia. Ile njia ya kulitumbukiza kwenye maji uone kama linaelea nayo haiaminiki. Siku hizi naandika kwa kalamu ya wino mzito tarehe niliyolifungua, na kila nikipuliza naweka alama nyuma ya daftari la kazi. Siku ile aliyeniokoa ni dereva wa gari la mchanga, aliyeniuliza maswali mengi njiani na mimi sikumjibu hata moja.

Baada ya hapo nilirudi kliniki na kavepu kangu mkononi, nikakaweka mezani. Nilitegemea kufokewa. Daktari akauliza, "Sigara umeacha?" Nikasema bado. Akasema tuanze na hiyo.

Nilipofika nyumbani nikasoma. Idara ya afya ya umma ya England mwaka 2015 ilisema vepu zina madhara pungufu kwa takribani asilimia 95 ukilinganisha na sigara. Watu wanaisoma sentensi hiyo bila maneno yake ya mwisho. Imelinganishwa na sigara, haikulinganishwa na hewa ya asubuhi ya Kongwa. Mwaka 2019 utafiti wa hukohuko England uliwafuata wavuta sigara 886 kwa mwaka mmoja: waliopewa vepu waliacha sigara asilimia 18, waliopewa jojo na plasta asilimia 9.9. Kwa hiyo vepu inavusha watu kweli. Lakini kati ya wale waliovuka kwa vepu, wanane katika kila kumi walikuwa bado wanaivuta mwaka ulipoisha. Wamevuka mto wakajenga nyumba darajani. Na mwaka huo huo Marekani watu waliumia mapafu kwa vimiminika vya kuchanganyachanganya, vingi vikiwa vya bangi vyenye mafuta ya vitamini E. Hadi Februari 2020 waliolazwa au kufa walikuwa 2,807, waliokufa 68. Ukiuziwa kichupa kisicho na lebo, hata kama muuzaji ni shemeji yako, kirudishe.

Nilichofanya mara ya pili ni hiki. Sigara nilikata siku moja, zote, pamoja na ile ya baada ya kula ambayo kila mtu anaiombea msamaha. Vepu nikanunua ya kujaza, nikotini miligramu 20 kwa mililita, ladha ya tumbaku isiyo tamu, kwa makusudi, ili isinipendeze. Baada ya miezi miwili nikashuka 10, kisha 6. Inhela ya kahawia sikuikosa, kupitia chupa ya maji ya nusu lita iliyotobolewa kitako kwa ukubwa wa mdomo wa inhela; huko Cape Town waliipima chupa ya namna hiyo 1999 kwa watoto na wakaona inafanya kazi sawa na vifaa vya dukani vya kufikisha dawa mapafuni. Ukimaliza sukutua mdomo, usije ukaota utando mweupe ulimini.

Arosto, ile kiu ya nikotini, ilikuwa mbaya siku nne za kwanza. Inakuja kama wimbi, inakaa dakika chache, inaondoka. Nilikuwa nazunguka gari nikihesabu matairi. Wiki ya pili nikaanza kukohoa kuliko nilipokuwa navuta, nikakaribia kukata tamaa. Wanasema ni vinyweleo vya ndani ya mirija vinaamka na kuanza kufagia. Kipimo cha kupuliza, kile kinachopima nguvu ya pumzi, kilikuwa kinanionyesha 310 siku naanza. Wiki ya sita kikasoma 420. Namba hiyo ilinishika kuliko mahubiri yoyote.

Vepu yenyewe niliipangia kufa tarehe 30 Juni. Nilichelewa wiki tano, na siku moja nilirudi kuokota nilichokitupa. Andika tarehe, hata kama utachelewa.

Ukiona inhela ya bluu unaihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu yako haijatulia, vepu au bila vepu. Nenda kliniki mchana kabla hujapelekwa usiku. Na ukishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, usisubiri kukuche. Puliza ya bluu, mpulizo mmoja mmoja, kwa chupa yako huku mtu mwingine anatafuta gari.

Haya yote nilimweleza yule kijana, nusu saa nzima, tumeegemea gari pale Nzuguni. Alisikiliza vizuri. Mwishoni nikamuuliza yeye alikuwa anavuta sigara gani kabla ya kuhama.

"Mimi?" akashangaa. "Mi sijawahi kuvuta sigara, kaka. Zinanuka."