Mvinyo wa Nanasi Wenye Mapovu: Upoze Kwanza, Ndipo Uuseme

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mbale aliniandikia: "Dada, nilinunua chupa ya mvinyo wa nanasi wenye mapovu kwa mama mmoja hapa mtaani. Kufungua tu, nusu ikaruka ukutani. Iliyobaki ilikuwa vuguvugu, ina matope. Kwa nini vitu vyetu haviwi kama vya nje?"

Nilisoma ujumbe huo mara tatu. Swali hilo niliwahi kuulizwa Masaka, kwenye kipaza sauti, mbele ya wakwe, na mpaka leo linaniuma.

Ilikuwa kwanjula ya mdogo wangu, yaani sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe. Sisi tumekulia Busia, wakwe ni Waganda, na mimi dada mkubwa nilitaka twende na kitu kilichotoka mikononi mwetu. Nilinunua mananasi ya Kangulumira yaliyoiva hadi nyumba nzima ikanukia, nikayachachusha, nikangoja miezi ambayo sitakuchosha nayo. Mvinyo ulipotulia niliutia kwenye chupa nene, nikaongeza sukari kidogo, nikaziba na kukaza waya. Hiyo sukari ya pili ndiyo inayoleta mapovu. Hamira inaila ndani ya chupa iliyofungwa, gesi inakosa pa kutokea, inabaki ndani ya mvinyo. Hata kule Champagne, Ufaransa, kazi ni hiyo hiyo, ila wao huongeza sukari kama gramu 24 kwa lita, na shinikizo la gesi ndani ya chupa hufika kama mara tatu ya lile la tairi la gari. Mimi nilitia nusu yake. (Ukitaka kujaribu, usitumie kamwe chupa ya kawaida ya mvinyo. Itapasuka, na vioo havichagui uso wa mtu.)

Chupa sita nikazilaza kwenye buti. Kampala hadi Masaka ni kama kilomita 130. Tulisimama Kayabwe kupiga picha kwenye mstari wa ikweta, tukasimama tena Lukaya kula mchomo, jua likiwaka juu ya gari. Tulipofika, vibuyu vya tonto, pombe ya ndizi, vilipokelewa kwa vigelegele. Kisha mzee mmoja wa upande wa bibi harusi akaomba ile "shampeni ya wageni" ifunguliwe. Kizibo kiliruka, povu likafuata, gomesi ya shangazi mmoja ikalowa kifua kizima. Msema chochote akachukua kipaza sauti: "Hiyo soda ya nanasi iondoeni. Kwa nini hamkuleta kitu cha maana?" Watu wakacheka. Chupa zangu tano zikasukumwa chini ya meza, zikafunikwa kitambaa, na juu ikawekwa chupa ya nje yenye karatasi ya dhahabu shingoni. Upande wetu hakuna aliyefungua mdomo, hata mdogo wangu.

Nimelifikiria jambo hilo sana. Tonto nayo ni ya kienyeji, ni maji ya ndizi yaliyochachushwa kwa mtama, na ilipokelewa kwa heshima zote. Kwa hiyo watu wetu hawadharau cha kienyeji kikikaa mahali walipokizoea. Wanakidharau kinapothubutu kukaa meza moja na cha nje.

Lakini nami nilikosea, na dada wa Mbale amekosea vile vile. Mvinyo ukiwa baridi huishika gesi. Ukipata joto huiachia. Hamira iliyokufa hutuama chini ya chupa, na ukiitikisa inaharakisha gesi kutoka. Zangu zilikuwa za moto, zimelala, zimetikiswa njia nzima. Hata ile ya karatasi ya dhahabu ingemwagika.

Basi Novemba, msimu wa nsenene, wale panzi wa kuliwa, nikamwalika mdogo wangu, mkewe, shemeji na majirani watatu nyumbani Kireka. Siku mbili kabla nilisimamisha chupa wima kwenye friji ili matope yashuke. Mchana wa siku yenyewe umeme ukakatika. Nikachukua beseni, nikatia barafu, maji na konzi ya chumvi. Watu wengi hutia barafu peke yake, lakini vipande vya barafu bila maji huacha nafasi za hewa; maji ndiyo yanayoikumbatia chupa pande zote. Nusu saa ikatosha.

Nilizivika chupa zote magazeti hadi shingoni: mbili zangu, moja ya nje. Nikaandika namba tu. Bilauri nilizisuuza mara mbili, maana mabaki ya sabuni na mafuta huua povu, nikazipangusa kwa kitambaa cha pamba.

Kufungua ndiko watu wanakoharibu. Legeza waya, lakini kidole gumba kisitoke juu ya kizibo. Inamisha chupa kidogo, shika kizibo kwa nguvu, kisha zungusha chupa, si kizibo. Isilipuke. Ipumue kidogo tu, kama mtu anayeshusha mzigo. Mimina polepole ubavuni mwa bilauri, na ule mvinyo wa mwisho wenye matope uuache chupani.

Tulionja na nsenene waliokaangwa na chumvi, na ule uchachu wa nanasi ukakata mafuta vizuri sana. Nitasema haki: mapovu ya ile ya nje yalikuwa madogo zaidi na yalidumu. Lakini harufu! Wanne kati ya sita walichagua chupa zangu. Nilipofungua magazeti, mdogo wangu alinyamaza, kisha akauliza, "Dada, hii ndiyo ile ya Masaka?" Nikamwambia ndiyo. Akainamisha kichwa.

Dada wa Mbale, rudi kwa yule mama, nunua nyingine. Isimamishe wima siku mbili, ipoze kweli kweli, iwe baridi hadi bilauri itoe jasho, kisha ifunike lebo. Na nyote mnaonisoma, acheni kulewa karatasi ya dhahabu. Mama aliyekesha na mapipa yake anastahili angalau beseni la barafu kabla hujamhukumu. Poza, funika, onja. Nitalirudia hadi mchoke.

Mwezi ujao wakwe wametuita Masaka kumwona mtoto. Chupa mbili zimeshasimama kwenye friji. Safari hii hazikai kwenye buti. Nitazipakata mwenyewe ndani ya kisanduku cha barafu, na Lukaya hatusimami.