Probox na filta ya wazi: usiondoe boksi

Kaka, hilo wazo lako la kung'oa boksi la filta ya hewa kwenye Probox na kuchomeka filta ya wazi ili gari ipate nguvu, liache. Utapata mngurumo, lakini nguvu itapungua, hasa kwenye foleni. Filta iliyo wazi chini ya boneti inavuta hewa iliyochemshwa na injini, na hewa ya moto ni nyepesi: ikitoka nyuzi 20 hadi 50, uzito wake unashuka kwa karibu asilimia 10, oksijeni ikiwemo.

Ukitaka hewa ya baridi, shughulika na mdomo wa boksi tu, pale hewa inapoingilia. Tafuta bomba la kukunjika lisilo jembamba kuliko mdomo huo, lifikishe nyuma ya grili, mbele ya rejeta, likaze kwa klipu. Usilishushe chini ya bampa hata kidogo! Dimbwi moja la mvua linatosha: maji yakiingia kwenye silinda, konekting rodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki) zinapinda, unatafuta injini nyingine.

Sensa ya kupima hewa iliyo baada ya filta usiiguse. Filta za kupaka mafuta nazo sizipendi, mafuta yakizidi yanaichafua sensa hiyo. Anza na filta mpya ya karatasi.