Kurudi angani baada ya miaka: Cessna 172 na hewa nyepesi ya Wilson

Ukiwa rubani mwenye saa 70 au 90 za kuruka kitabuni na hujashika usukani kwa miaka mitatu au minne, utashangaa kuona mikono haijasahau. Ndani ya nusu saa utakuwa unashikilia urefu na kukata kona bila shida, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Kinachochelewa kurudi ni mpangilio wa kazi: kumsikiliza mwongozaji wa mnara huku unashusha flapu (vibao vya nyuma ya mabawa), na kujua kinachofuata kabla hakijakufikia. Na kama ulijifunzia pwani, sasa unarukia uwanja wa Wilson, Nairobi, zipo tabia za pwani za kuacha kwa makusudi.

Takwimu za hapa ni za Cessna 172S, ndege ndogo ya injini moja na viti vinne, yenye nguvu za farasi 180. Kwa modeli nyingine, fuata kitabu cha ndege hiyo.

Wilson iko futi 5,536 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 25, ndege hufanya kazi kana kwamba iko futi 8,000 hivi. Injini yake haina tabo (kisukuma hewa), kwa hiyo hubakiwa na takriban robo tatu ya nguvu: zile farasi 180 huwa kama 135, na mwendo wa kupanda hukaribia nusu ya ule wa Mombasa. Sasa pakia watu wanne na tangi zilizojaa uone. Lita 200 za petroli zina uzito wa kilo 144 hivi. Baada ya hapo 172S nyingi hubakiwa na nafasi ya watu watatu wa kilo 85, bila mizigo. Piga hesabu ya uzito kwenye karatasi.

Kosa la kwanza la mrudi ni kile kifundo chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa. Pwani ulizoea kukisukuma mpaka mwisho kabla ya kuruka. Ukifanya hivyo Wilson, petroli huzidi hewa, injini hupungukiwa nguvu na plagi hushika masizi. Simama, kanyaga breki, fungua throto (kidhibiti cha nguvu za injini) yote, kisha vuta kifundo polepole. Mizunguko ya injini itapanda, ikianza kushuka, rudisha ndani kidogo. Kitabu cha ndege kinataka hivyo kwa uwanja wowote ulio juu ya futi 3,000. Magneto, vile vifaa viwili vya kutoa umeme wa plagi, hupimwa kimoja kimoja kwenye mizunguko 1,800 kwa dakika: kila moja isishushe zaidi ya 150, na tofauti kati yao isizidi 50. Kama kwenye magneto moja injini inatetemeka, mara nyingi ni masizi hayohayo.

Hatari kubwa zaidi iko wakati wa kutua. Unasoma orodha, unasukuma kifundo hadi mwisho kwa mazoea, na kwa kuwa throto imefungwa husikii tofauti yoyote. Kisha ndege ya Caravan iliyo mbele yako inachelewa kutoka njiani, unaghairi kutua, unafungua throto, na injini inajikongoja. Kiache kifundo pale panapofaa kwa urefu wa uwanja. Ukighairi: throto yote, flapu kutoka nyuzi 30 hadi 20 mara moja, shikilia kasi ya noti 60 (maili 60 za baharini kwa saa). Ukishavipita vizuizi nenda 10, kisha sifuri baada ya kufika noti 65. Kupandisha flapu zote kwa mpigo mmoja ni kujiangusha.

Jambo jingine ni macho. Noti 65 kwenye kipima kasi, katika hewa hiyo, ni kama noti 73 halisi. Ardhi itakimbia kuliko ulivyozoea, na kiwiliwili kitakuambia punguza. Usipunguze. Bawa hujali kile kinachoonyeshwa na kipima kasi, na ukipunguza kwa kufuata macho utakuja kupoteza mnyanyuko, ile nguvu ya bawa inayoibeba ndege, karibu na ardhi. Kubali tu kwamba baada ya kugusa ndege itakimbia umbali wa takriban robo zaidi ya ule wa pwani.

Kabla ya kuwasha, ndege iliyokaa sana ikague kwa mashaka. Nyigu hujenga kwenye mrija wa kupimia kasi, ndege wa porini hutaga chini ya kifuniko cha injini, na maji hukusanyika chini ya tangi. Chota petroli kwenye kila valvu, si moja kwa niaba ya zote. Iwe ya samawati. Ikiwa haina rangi na inanuka mafuta ya taa, kuna mtu aliyejaza mafuta ya jeti, ambayo Wilson hayana uhaba.

Safari tatu za kwanza ruka na mwalimu. Ya kwanza iwe juu, angalau futi 3,000 kutoka ardhini: mwendo wa pole, kupoteza mnyanyuko na kuurejesha, kona za nyuzi 45. Ya pili iwe mizunguko ya uwanja, na kila mara usimame kabisa. Kugusa na kuondoka hukuharakisha kabla hujarekebisha trimu (kirekebishi cha uzito wa usukani) na flapu. Ya tatu mwalimu afunge throto bila kukuonya, kana kwamba injini imezima, nawe ushushe pua upate noti 68. Panga kuruka asubuhi, kabla joto halijaanza kuitikisa hewa. Jioni kumbuka kwamba huku karibu na ikweta giza hufika dakika 20 hivi baada ya jua kuzama.

Usiharakie safari ya Magadi. Upepo wa mashariki ukivuma, upande wa magharibi wa vilima vya Ngong hewa huporomoka, na ndiko unakorudi nako, ukiwa unapingana na upepo huo. Kilele kina futi 8,000 na kitu. Uwe juu yake kwa futi 1,000 au zaidi kabla hujaukaribia mlima, ukiwa na ruhusa ya waongozaji, na uujie kwa pembe ya nyuzi 45 ili kugeuka urudi kuwe rahisi.

Abiria wasubiri. Kanuni hudai kuruka na kutua mara tatu katika siku 90 kabla ya kumpakia mtu, lakini hicho ni kima cha chini tu. Upepo wa ubavuni uliothibitishwa kwa 172S ni noti 15. Kwa miezi yako ya kwanza jiwekee 8. Shemeji akinuna kwa kuachwa chini, anune.